Minecraft: mchezo wa matofali usioisha, na kazi uliyoifanya Nairobi

Mtoto ameinamia simu tangu saa kumi jioni. Ukichungulia huoni mpira wala magari yanayokimbizana. Unaona kidole kinapasua jiwe, jiwe linageuka tofali, tofali linawekwa juu ya jingine, na polepole nyumba inasimama. Ukimwambia azime simu anakujibu, "Mama, bado kidogo, namalizia paa." Baada ya saa nzima paa limekwisha, ila sasa anajenga zizi.

Mara nyingi mchezo huo ni Minecraft, au mmoja kati ya mingi inayouiga. Tumeona vyema kuueleza kwa kirefu kwa wasikilizaji wetu wa Nyangoto na wa pande zote mbili za Mto Mara, Tarime na Serengeti, kwa sababu mbili. Ya kwanza kila mzazi anaijua: mchezo huu unakula muda, unakula chaji, na mahali pengine unakula fedha. Ya pili haijulikani sana. Mchezo huu huu uliwahi kutumiwa na Umoja wa Mataifa jijini Nairobi ili wakazi wa kawaida wachore wenyewe viwanja vyao, na baadaye ukapelekwa kwa watu ambao hawakuwahi kushika kompyuta maishani mwao. Kwa watu wanaoishi ukutani mwa mgodi mkubwa, ambako habari za mipaka, tathmini na ramani hazikauki midomoni, hilo si jambo dogo.

Mchezo uliozaliwa kwenye machimbo

Jina Minecraft limeungwa kwa maneno mawili ya Kiingereza: moja lina maana ya kuchimba, jingine lina maana ya ufundi wa mikono. Na kweli asili yake ni machimbo. Mwanzoni mwa mwaka 2009 Mmarekani mmoja, Zachary Barth, alitoa mchezo uitwao Infiniminer, ambao timu mbili zilishindana kuchimba madini katika mlima uliotengenezwa kwa matofali. Wachezaji waligundua upesi kwamba kushindana kunachosha, bali kujenga kwa yale matofali kunapendeza kuliko madini yenyewe.

Msweden Markus Persson aliuona, akaanza kuandika wa kwake akiwa peke yake, na mwezi Mei 2009 akautoa kwa watu waujaribu hata kabla haujakamilika. Toleo kamili lilitoka Novemba 2011, na mwaka huo huo likapatikana la simu. Mwaka 2014 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikubali kuinunua Mojang, kampuni ya Persson iliyoko Stockholm, kwa dola bilioni 2.5. Kufikia Oktoba 2023 ilitangazwa kuwa nakala zaidi ya milioni 300 zimeuzwa. Hakuna mchezo mwingine wa kompyuta uliouzwa kiasi hicho.

Ndani yake kuna nini

Ukiufungua mara ya kwanza hupewi maelekezo marefu. Unajikuta umesimama porini: miti, vilima, maji, ng'ombe na kondoo wenye vichwa vya mraba. Kila kitu ni tofali, na kila tofali ni mita moja kwa mita moja. Unakata mti kwa mkono, unapata mbao. Kwa mbao unatengeneza sululu. Kwa sululu ya mbao unavunja jiwe. Kwa jiwe unatengeneza sululu bora zaidi, na kwa hiyo unafika kwenye chuma. Jua linatembea haraka, kwa sababu siku nzima ya humo, mchana na usiku, ni dakika 20 tu. Giza likiingia mazimwi hutoka, na asiye na kibanda wala mwenge huipata.

Hiyo ndiyo namna ya kwanza ya kucheza, ya kuhangaikia maisha. Namna ya pili ni ya ubunifu: hakuna njaa, mazimwi hayashambulii, matofali hayaishi, na mchezaji anaruka angani kama ndege akijenga anachotaka. Kuna pia unga mwekundu unaopitisha nguvu kama waya wa umeme. Kwa unga huo watoto hutengeneza milango inayojifungua, taa zinazojizima, na wengine wamefika mpaka kuunda mashine za kukokotoa hesabu. Hakuna wa kukuambia umeshinda au umeshindwa.

Watu wa Nyamongo watacheka kidogo wakifika kwenye dhahabu. Humo ndani dhahabu iko chini sana, na haichimbiki kwa sululu ya mbao wala ya jiwe. Lazima uwe na sululu ya chuma. Lakini ukiipata na ukatengeneza sululu ya dhahabu tupu, inachimba upesi kweli, kisha inavunjika baada ya matofali 32. Sululu ya mbao hufikisha 59, ya jiwe 131, ya chuma 250, na ya almasi 1,561. Aliyeandika mchezo hakuwa mchimbaji, ila hapo alisema kweli: dhahabu ni laini, haifai kuwa jembe.

Pamoja na hayo, kuna jambo ambalo mchezo unadanganya, nasi tunalisema wazi kwa sababu tunaandika kwa watu wanaoishi jirani na maduara. Katika Minecraft mchanga na kokoto ndivyo vinavyoporomoka vikikosa kitu chini yake. Mwamba hauporomoki. Unaweza kutoboa handaki la urefu wa kilomita bila timba hata moja, na dari likabaki juu limetulia. Ukikata shina la mti, matawi yanabaki yanaelea hewani. Duara la kweli halifanyi hivyo. Mwamba una nyufa, una maji, na mvua za masika huulegeza hata pale ambapo jana ulionekana mgumu. Ndiyo maana wachimbaji hufunga matimba. Mtoto aliyekaa na mchezo huu mwaka mzima asije akaamini kwamba kuchimba ardhini ni hivyo hivyo. Kanuni moja tu wachezaji wanayofundishana ndiyo ingefaa popote: usichimbe moja kwa moja chini ya miguu yako, maana hujui unaangukia nini.

Kwa nini hauachiki

Wazee wetu hawakuhitaji simu kuelewa mvuto wa kujenga. Mtoto aliyewahi kufinyanga ng'ombe wa udongo, akawapangia zizi la vijiti, akamweka mchungaji, hakuitwa mara moja akaitika. Aliyetengeneza gari la waya na magurudumu ya kandambili kuukuu naye hakumaliza mpaka giza. Mchezo wa aina hiyo hauna dakika 90 kama mpira. Unaisha pale mikono inapochoka, au jua linapozama, au mama anapoita kwa sauti ya pili.

Minecraft imeondoa vyote vitatu. Kidole hakichoki upesi, jua la humo likizama linachomoza tena baada ya muda mfupi, na sauti ya mama inapita juu ya spika za masikioni. Zaidi ya hapo, kila kazi inazaa kazi. Nyumba inataka mlango, mlango unataka mbao, msitu uko mbali, njiani kuna pango, ndani ya pango kuna kitu kinang'aa. Kazi hizo zote ni ndogo, zinamalizika kwa dakika chache, na kila moja ina furaha yake. Kwa hiyo ule "bado kidogo" wa mtoto si uongo. Ni kweli bado kidogo, wakati wote.

Je, huo ni ugonjwa? Mara nyingi hapana. Shirika la Afya Duniani, WHO, limeuweka uraibu wa michezo ya kidijitali katika orodha yake ya magonjwa. Orodha hiyo ilipitishwa Mei 2019 na ikaanza kutumika Januari 2022. Lakini masharti yake ni makali. Mtu awe ameshindwa kujizuia, hajui tena aanze saa ngapi na aache saa ngapi. Mchezo uwe umekaa mbele ya mambo mengine yote ya maisha yake. Aendelee au azidishe hata pale anapoona madhara. Na hali hiyo iwe imeharibu masomo, kazi au maisha ya nyumbani, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 au zaidi. WHO yenyewe inasema wanaofikia hapo ni sehemu ndogo ya wanaocheza.

Kwa hiyo mzazi asikimbilie kusema mtoto amerogwa au amekuwa teja wa simu. Atazame mambo ya kawaida. Analala saa ngapi? Anaamka kwenda shule bila kuvutwa shuka? Ng'ombe wamenyweshwa? Bado anacheza na wenzake nje? Majibu yakiwa mazuri, saa moja ya kujenga nyumba za matofali haina neno. Majibu yakianza kuwa mabaya, adhabu ya kupasua simu haisaidii, kwa maana mtoto ataenda kwa jirani. Kinachosaidia zaidi ni kumpa mwisho anaouona: kazi hii ukimaliza, simu inarudi mezani. Mwambie "ukimaliza ukuta huo" badala ya "dakika tano", kwa sababu dakika tano haziishi humo, ukuta unaisha. Kwa wadogo kabisa hakuna mjadala. WHO inashauri mtoto wa chini ya miaka 2 asikae mbele ya kioo cha simu au televisheni, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku, ikipungua ni bora.

Kilichofanyika Nairobi

Sasa tuvuke mpaka. Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, UN-Habitat, makao yake makuu yako Gigiri, Nairobi. Mwaka 2012 shirika hilo na kampuni ya Mojang walianzisha mradi ulioitwa Block by Block, maana yake tofali kwa tofali. Wazo lilikuwa limejaribiwa kwanza Sweden, ambako wakazi wa mitaa ya zamani walipewa nafasi ya kuonyesha kwenye Minecraft jinsi ambavyo wangependa mitaa yao irekebishwe. UN-Habitat ikajiuliza kama jambo hilo lingewezekana mahali ambapo watu hawana kompyuta nyumbani.

Majaribio ya kwanza yalihusu Kibera, mtaa mkubwa wa watu wa kipato cha chini jijini Nairobi, na hasa uwanja wa michezo wa Silanga. Tangu hapo mradi umefika katika nchi zaidi ya 30.

Tueleze unavyokwenda, kwa sababu hapo ndipo penye somo. Kwanza mafundi wanachukua ramani na picha za eneo lenyewe, wanaliingiza kwenye mchezo jinsi lilivyo: mtaro uleule, mti uleule, vibanda vilevile. Kisha wakazi wanaitwa, vijana kwa wazee, wanaume kwa wanawake. Wanatembea kwanza kwenye uwanja halisi, wanazungumza ni nini kinawakera, wapi pana giza, wapi maji yanatuama. Halafu wanakaa kwenye kompyuta, watu wachache kwa kila moja, wanafundishwa kusogea na kuweka tofali, na kwa siku chache wanajenga wanachotaka. Mwisho kila kundi linasimama mbele ya wenzao na mbele ya viongozi, linaonyesha kazi yake, linaulizwa maswali. Mawazo yanapokubaliwa, wataalamu wanayachora upya kwa vipimo vya ujenzi.

Kazi kama hiyo ilifanyika pia katikati ya jiji, kwenye bustani ya Jeevanjee. Bustani hiyo ina historia ya kupiganiwa. Mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee aliitoa kwa wananchi wa Nairobi mwaka 1906. Mwaka 1991 ulipotokea mpango wa kujenga juu yake, mjukuu wake Zarina Patel alikuwa mstari wa mbele kuwaongoza wananchi kuupinga, na bustani ikabaki bustani. Miaka zaidi ya 20 baadaye, vijana wa Nairobi walikaa na Minecraft wakijadili bustani hiyo hiyo iboreshwe vipi. Tofauti ya nyakati hizo mbili inatuvutia. Mara ya kwanza wananchi waliweza tu kusema "hapana". Mara ya pili walikuwa na kitu cha kuonyesha na kusema "tunataka hivi".

Kwa nini mchezo, na si karatasi? Jibu atalielewa yeyote aliyewahi kuwekewa ramani mezani na kuambiwa atoe maoni. Ramani inaonyesha ardhi kama anavyoiona tai. Sisi hatutembei angani. Mistari ya bluu, mistari ya vitone, namba pembeni: aliyesomea anaelewa, na asiyesomea anatikisa kichwa kwa adabu kisha anaweka sahihi. Kwenye Minecraft unatembea chini, kwa urefu wa mtu. Ukuta ukikuzibia njia ya kwenda kisimani unauona umekuzibia. Hakuna haja ya kujua kusoma.

Huko Haiti, katika mji wa pwani wa Les Cayes, jambo hilo lilipimwa kwa ukali zaidi. Kati ya walioitwa walikuwemo wavuvi ambao hawakuwahi kutumia kompyuta, na baadhi yao hawakujua kusoma wala kuandika. Walijifunza, wakajenga. Katika mapendekezo ya watu wa Les Cayes kulikuwa na ukuta wa kuzuia maji ya bahari wakati wa dhoruba, na vyoo vya umma, jambo lililosemwa na wanawake. Tunadhani mhandisi mgeni angefikiria ukuta. Vyoo, huenda angesahau.

Mchezo usichoweza

Tusiupambe kupita kiasi. Kujenga kwenye simu ni bure, kujenga ardhini kuna bei. Tofali la mchezo halina saruji, halina fundi wa kulipwa, halina lori la kokoto linalokwama barabarani wakati wa mvua. Watu wanaweza kuchora uwanja mzuri kuliko fedha zilizopo, na wakivunjika moyo baadaye wana haki ya kuuliza kwa nini waliitwa. Pia anayeandaa mkutano ndiye anayechagua nani aitwe, na ndiye anayeamua ni kipande gani cha ardhi kijadiliwe na kipi kisitajwe. Hilo halibadiliki kwa sababu ya kompyuta.

Na kuna mambo ambayo mchezo hauyagusi kabisa. Mita moja kwa mita moja haiwezi kuonyesha haki ya nani, kaburi la babu wa nani, wala mkataba wa nani na nani. Mtu mwenye dai la fidia asidhani picha ya Minecraft ni ushahidi.

Lakini yapo mambo ya kijiji ambayo picha ingeyasaidia sana. Kwa sheria zetu, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, namba 6 ya mwaka 2007, zinaupa mkutano huo sauti katika mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji: wapi pawe malisho, wapi makazi, wapi shule. Tena tangu mabadiliko ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, mwenye leseni ya madini anatakiwa kila mwaka kuandaa mpango wa wajibu wake kwa jamii, na mpango huo ukubaliwe pamoja na serikali ya mtaa husika. Humo ndimo yanamotoka madarasa, zahanati, visima. Mara nyingi swali linalobaki halihusu kama darasa lijengwe. Linahusu lijengwe wapi, mlango uelekee wapi, na watoto wa upande wa pili wavuke barabara ya malori vipi. Hayo ndiyo maswali ambayo picha ya kutembea ndani yake inayajibu kuliko hotuba.

Simu, bei na bando

Minecraft yenyewe si ya bure. Ya simu inauzwa takriban dola 7 za Marekani, hulipwa mara moja, na bei ya kwetu hubadilika kulingana na duka la programu. Kuipakua kunahitaji mamia ya MB, kwa hiyo asiye na bando la kutosha angoje mahali penye intaneti ya bure. Ikishaingia kwenye simu inachezeka bila intaneti. Ndani yake kuna duka la mapambo na dunia zilizokwisha kujengwa, ambako hulipwa kwa sarafu za mchezo zinazonunuliwa kwa fedha za kweli. Mzazi ambaye simu yake ndiyo inayochezewa asiiache akaunti ya malipo wazi, na namba ya siri ya pesa za simu ibaki siri hata kwa mwanao kipenzi.

Ile inayopatikana bure kwa kurushiana simu kwa simu, au kwa kupakua kwenye tovuti usiyoijua, tunaitilia shaka. Faili la aina hiyo linaweza kubeba programu ya kuchungulia ujumbe wako, na kwenye simu hiyo hiyo ndimo zimo fedha zako. Michezo ya kuiga iliyoko kwenye duka rasmi haina hatari kubwa hivyo, ila mingi hujaa matangazo yanayokatiza mchezo kila mara na kumaliza bando.

Kuna njia ya tatu tunayoipenda zaidi kwa vijijini. Mwaka 2010 Mfini Perttu Ahola alianza programu ya bure ya aina hii, iliyojulikana kwa miaka mingi kama Minetest na tangu mwaka 2024 inaitwa Luanti. Haiuzwi, na yeyote mwenye ujuzi anaruhusiwa kuifungua na kuibadilisha. Ukiipakua kwenye simu ya Android unachagua ndani yake mchezo unaoutaka. Hapo unahitaji bando mara moja, baada ya hapo basi. Haipendezi machoni kama Minecraft, na mwanzoni itampa kijana taabu kidogo kuipanga. Taabu hiyo si hasara. Wanaoizoea huishia kujifunza kuandika maelekezo ya kompyuta.

Jambo jingine la kuangalia ni kucheza na watu wa mbali. Kwenye mtandao mchezaji hukutana na wageni na huweza kuandikiana nao. Kwa mtoto tunashauri acheze bila intaneti, au na wenzake walioketi pamoja naye. Simu moja inawasha hotspoti, nyingine zinaunganishwa, wote wanaingia dunia moja. Mwenye simu azime data kwanza, la sivyo wenzake watakunywa bando lake bila kujua.

Kwa kikundi cha vijana, walimu au kamati ya shule inayotaka kujaribu yale ya Kibera, hahitajiki mgeni kutoka Nairobi. Anzeni na eneo dogo mnalolijua, mathalani uwanja wa shule au njia ya kwenda kisimani. Lipimeni kwa kamba au kwa hatua ndefu za mtu mzima, kila hatua mita moja, na kila mita tofali moja. Uwanja wa mpira wa mita 100 kwa 64 ni matofali 100 kwa 64, na vijana wawili wataumaliza kwa namna ya ubunifu bila kuhangaika na mazimwi. Wekeni kwanza vilivyopo: mwembe, choo, mtaro, kona ambayo maji hutuama. Mwiteni bibi anayepita hapo kila asubuhi na ndoo kichwani, mpeni simu, mwacheni atembee humo ndani. Muulizeni kimekosekana nini kabla hamjaongeza chochote.